Mmea Aliouchimba Mtoto wa Mjomba

Jamaa zangu wakinisikia nimepandisha sauti huambiana kwamba nimeanza tena. Basi naanza tena. Nataka kuyaandika haya nikiwa bado nimekasirika, kwa sababu nikipoa nitaanza kumtafutia mtoto wa mjomba wangu udhuru, na udhuru hana.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa sita, joto limeshafika pale ambapo usukani wa gari haushikiki bila kitambaa. Mimi na mama yangu tunaishi Hail, hapa Maskati, sisi wawili tu, na kila Ijumaa baada ya sala tulikuwa tukienda Madinat Sultan Qaboos kula chakula cha mchana kwa mtoto wa kaka yake. Mjomba mwenyewe alikwishafariki, na huyu mwanawe ndiye aliyebaki na nyumba na ndiye aliyekuwa akitukusanya. Anafanya biashara ya viyoyozi. Amefanikiwa, na kwa hilo simwonei kijicho. Siku hiyo alinipigia simu asubuhi, akanitaka nije mapema na nije na vifaa vyangu vya kazi, kwa sababu ana mgonjwa. Nikamwuliza mgonjwa gani. Akacheka, akasema nitamwona nikifika.

Kazi yangu ni udongo. Ofisi yetu iko Al Khuwair, na wakulima wa Batina, ule ukanda wa pwani ya kaskazini, hutuletea mifuko ya udongo tuwapimie chumvi, maana maji ya bahari yanazidi kuingia kwenye visima vyao. Vifaa vyangu ni vya kawaida: koleo dogo, kisu, mifuko ya plastiki, kipimo cha unyevu. Nikavitia ndani ya gari nikidhani binamu yangu amenunua mchungwa au mkomamanga kwa bei ya kujivunia, na sasa unamfia.

Lakini kabla sijafika kwake lazima niseme nilikowahi kufika mimi, la sivyo hasira yangu itaonekana ya mtu asiye na kazi.

Nilipomaliza masomo Uingereza, miaka ishirini na kitu iliyopita, mwalimu wangu alinitafutia kibarua cha miezi minne katika visiwa vya Falklandi. Viko chini kabisa kwenye ramani, upande wa pili wa Afrika, karibu na ncha ya Amerika ya Kusini. Nyumbani hakuna aliyekuwa amevisikia. Mama aliniuliza kama kuna Waislamu huko, nikamwambia sijui, pengine nitakuwa mimi peke yangu. Na kwa kweli pale nilipopangiwa, kisiwa kidogo chenye nyumba moja ya mabati, tulikuwa watu wanne. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu mimea: unaweka fremu ya mbao chini, unapiga magoti, unaandika kila kinachoota ndani yake, kisha unasogeza fremu hatua kumi na kuanza upya.

Huko waliyaita majira ya joto. Mimi nilivaa soksi tatu. Upepo haukukatika hata siku moja katika ile miezi minne, na hakuna mti wa kuuzuia, kwa sababu miti haioti huko. Palipo na mawimbi kuna nyasi ndefu kuliko mimi, kila shina limejijengea tuta lake, na ukipita katikati unasikia wanyama wakipumua bila kuwaona. Mara mbili nilikaribia kumkanyaga simba bahari aliyelala. Pengwini walikuwa wamejichimbia mashimo kama panya na wakilia humo kwa sauti ya punda. Kulikuwa na ndege mmoja wa jamii ya kipanga, mweusi, mdadisi, asiyejua hofu. Alinijia hadi miguuni akanyakua penseli yangu na kwenda kuivunja juu ya jiwe huku akinitazama. Kwenye miamba ya magharibi albatrosi walikalia viota vya udongo vilivyosimama kama vyungu, na wakati wa kuruka walijirusha tu ukingoni, upepo ukawachukua. Kulikuwa na kichaka kifupi chenye matunda mekundu machungu ambayo wenyeji hupikia jamu. Niliila jamu hiyo kila asubuhi na mpaka leo nikikumbuka ladha yake mate yananijaa.

Na kulikuwa na mmea mmoja ambao ndio chanzo cha maandishi haya. Ukiuona kwa mbali utadhani ni jiwe lililoota ukungu wa kijani. Ukikaribia unaona ni maelfu ya vijani vidogo, vigumu, vimebanana hivi kwamba hata sindano haipiti baina yao, vimejipanga mpaka vikafanya kitu kama mto wa kulalia. Ukiugonga kwa ngumi, ngumi ndiyo inayouma. Siku jua likitoka, unatoa utomvu wenye harufu nzuri, na zamani wafugaji walijipaka utomvu ule kwenye vidonda. Kwa mwaka unakua kidogo sana, chini ya upana wa kucha. Ule wenye ukubwa wa meza umeanza kuota kabla ya babu zetu kuvuka bahari kwenda Unguja.

Siku yangu ya tatu niliukanyaga mmoja. Niliona ni jiwe, nikapanda juu yake nipate kuona ng'ambo. Aliyekuwa akituongoza alikuwa mwanamke wa pale pale, mfugaji wa kondoo, mtu mzima mwenye viganja kama ubao. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanishusha, akaniinamisha nione alama ya kiatu changu palipopondeka vile vijani, akasema, "Hii itakuwepo mimi nikishakufa." Kisha akaendelea na kazi. Kwa miezi iliyobaki nilikuwa nikiangalia chini zaidi kuliko nilivyoangalia mbele.

Hayo ndiyo niliyorudi nayo Maskati. Binamu yangu alinicheka miaka mingi kwamba nimevuka dunia kwenda kuhesabu majani. Halafu mwaka jana akanijia nyumbani Hail na karatasi za safari: amelipia meli ya watalii, yeye na mkewe, na katika vituo vyake Falklandi imo. Wallahi nilifurahi. Nilimpikia kahawa, nikamkalisha, nikamweleza kila kitu. Akaniuliza kitu gani cha huko ambacho watalii wengine hawakioni, kwa sababu pengwini kila mtu ana picha zao. Nikachukua penseli nikamchorea ule mmea. Nikamwambia umri wake. Nikamwambia mahali unapoota, juu ya ufukwe, pale mawe yanapoanza. Hakuna aliyenishikia bakora kumwonyesha. Ni mimi.

Walirudi mwezi wa pili. Alinionyesha picha kwenye simu, mamia ya picha, nikawa namtajia ndege mmoja mmoja, kisha akanitumia zote. Kuhusu mmea alisema tu kwamba wameuona.

Basi Ijumaa hiyo ya mwezi wa sita nilifika na mama, na kabla sijavua viatu binamu yangu alinishika mkono akanipeleka upande wa nyuma wa ukumbi, ambako Ijumaa zote zile mlango ulikuwa umefungwa. Alikuwa amejenga chumba kidogo cha vioo, kina mlango wake, na ndani yake kiyoyozi kikubwa kinachopuliza baridi ya kuumiza meno. Ukutani alitundika picha za safari: yeye na pengwini, yeye na bahari, yeye na mkewe wamevaa makoti mekundu. Chini alimwaga kokoto. Na katikati ya kokoto, juu ya beseni la shaba lililojaa udongo mweusi wa dukani, palikaa mmea ule, mkubwa kama mpira wa miguu. Nusu yake ilikuwa imegeuka rangi ya kutu.

Nilihisi kama mtu aliyefungua kabati la jamaa yake akakuta mali ya msikiti. Nikamwuliza ameupata wapi, ingawa nilijua. Akasema ameuchukua, ulikuwa mdogo, na huko imejaa tele. Aliuchimba kwa kisu cha nahodha wa boti wakati wenzao wanapiga picha, akautia kwenye sanduku la kamera na vipande vya barafu. Wageni wote huko huambiwa wasiokote hata jiwe. Kwenye meli huwasugua viatu ili mbegu zisiingie wala kutoka. Alinieleza jinsi alivyowapita watu wote hao kama mtu anayeeleza alivyofunga bao.

"Mbona hukunambia?" nikamwuliza.

"Nilitaka iwe surprise," akasema. "Jumatatu nna wageni, wafanyabiashara, wanakuja kuuona. Nnataka urudi kijani."

Nikamwambia haurudi. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, na akanitolea ile khabari ambayo kumbe ndiyo alikuwa ameishikilia tangu asubuhi. Alisema anajua nani ameuua. Khadama, mtumishi wao wa ndani, ndiye aliyeuua. Aliachiwa kazi ya kuutilia maji na kuangalia baridi, na alipewa maelezo yote, lakini juzi mkewe aliingia akakuta kiyoyozi kimezimwa na chumba kimoto. Tayari ameshapiga simu kwa maktab, yaani kwa wakala aliyewaletea. Alasiri wanakuja kumchukua. Kwa sasa yuko chumbani kwake anafunga mizigo.

Nilimwacha hapo, nikapita jikoni, nikagonga mlango wa kile chumba cha nyuma. Alifungua msichana wa Kiganda, miaka kama ishirini na tano, ambaye nilikuwa nimemwona Ijumaa kadhaa akituletea sahani. Nakiri sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kumwambia ahsante. Begi lake lilikuwa kitandani, limefungwa, na yeye ameketi kando yake na viatu miguuni.

Nikamwambia mimi ni mtu wa mimea, na nataka anieleze ilivyokuwa. Alinitazama kwanza, akipima kama nimetumwa. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili chake cha bara, polepole. Kiyoyozi hakukizima yeye. Watoto wa nyumba walikuwa wakichezea rimoti yake. Lakini hiyo, alisema, si kitu. Alipofika nyumba hii, mwezi wa nne, moja kwa moja kutoka kwao, kazi ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa ule mmea, na siku hiyo hiyo aliinama kuutilia maji akasikia harufu.

"Madam, huo mmea nilikuta ushakufa," akasema. "Chini ulikuwa unanuka, kama kitu kimeoza. Nikamwambia madam wa nyumba. Akasema hiyo ndiyo harufu yake, ni ya huko ulikotoka."

Nikamwuliza alijuaje kwamba umekufa wakati juu bado ulikuwa kijani.

"Kwetu tunalima kahawa. Ukikata mzizi, majani yanakaa siku nyingi, yanakudanganya. Mimi nilijua. Nilisema. Lakini nani ataniuliza mimi?"

Sijui namna ya kueleza kilichonipanda wakati ule. Mimi nimesoma miaka sita mambo ya mimea, na alichonieleza msichana huyu akiwa ameketi kwenye godoro jembamba ndicho kile kile ambacho ningekiandika kwenye ripoti, ila yeye alikisema miezi miwili mapema. Alikisema katika nyumba yenye watu waliosoma, wanaozungumza lugha tatu mezani, na kwa miezi miwili wakamwachia maiti aitilie maji. Sasa maiti inaonekana ni maiti, na mtu wa kulaumiwa ameshapatikana.

Nikamwambia aje nami. Hakutaka. Nikamwambia si lazima aseme neno, aje asimame tu. Akaja, akasimama mlangoni mwa jikoni.

Nilipita mezani, ambako mkewe binamu yangu alikuwa akipanga vyombo na mama yangu ameshakaa. Nikachukua kisu cha mkate. Nikaingia kile chumba cha vioo, nikaukumbatia ule mmea na kuunyanyua kutoka kwenye beseni, nikauleta ukumbini nikautua juu ya sinia mezani. Binamu yangu akawa ananiuliza nafanya nini. Nikaugeuza kichwa chini. Nikakwangua udongo wa dukani kwa vidole, na chini yake likatokea shina, nene kama kifundo cha mkono, limekatwa sawasawa, na pale palipokatwa pamekuwa peusi na laini kama tende iliyooza. Ile harufu aliyoisema yule msichana ikajaa ukumbi mzima. Mkewe akaziba pua.

"Mzizi uko wapi?" nikamwuliza.

Akasema aliambiwa mimea ya namna hii huota mizizi upya.

"Nani alikwambia?"

Nikaushika vizuri na kuukata katikati. Haukukatika kwa urahisi; ilinibidi nisukume na kurudisha kisu kama msumeno, na vijani vilivyokauka vikaruka juu ya kitambaa cha meza. Mama alikuwa akiniita jina langu kwa sauti ya chini, mara mbili, mara tatu. Ulipogawanyika niliyafungua yale mapande mawili kama mkate, nikawaonyesha. Ndani ulikuwa wa kijivu. Kijivu chote, kikavu, kinachomomonyoka, mpaka karibu kabisa na ngozi ya nje. Tabaka la kijani lilikuwa jembamba kama ganda la chungwa. Katikati mle mlikuwa na vijidudu vidogo, namna ya mbawakawa wadogo wa baridi wasio na hata jina lao la Kiswahili, wameshakauka mahali walipokuwa wakiishi. Huo mto ulikuwa nyumba yao. Sikuwa nimewafikiria mpaka nilipowaona.

"Huu umekufa mwezi wa kwanza," nikamwambia. "Ulikufa kwenye sanduku lako la kamera. Huyu dada alikuwa bado kwao ulipouua."

Nilisema na mengine, ambayo hayakuwa ya lazima. Nilimwambia kwamba amezoea kununua hewa baridi na kuiuza, na amedhani kila kitu cha baridi ni bidhaa. Nilimwambia kwamba marehemu baba yake, aliyefika hapa na sanduku moja baada ya kutolewa Unguja, asingeng'oa kitu cha watu wengine akaja kukiweka kwenye kioo. Hilo la baba yake ndilo lililomchoma. Alisimama, akaniambia nimemvunjia heshima nyumbani kwake, mbele ya mkewe, kwa ajili ya jani na khadama. Nikamjibu kwamba heshima hiyo aliivunja alipomtia mtu hatia ya uongo siku ya Ijumaa. Mkewe akasema watoto wasisikie. Watoto walikuwa wamesimama ngazini tangu zamani, na mmoja wao, nadhani, alijua vizuri nani alizima kiyoyozi, maana alikimbilia juu.

Hatukula. Wali ulikaa mezani ukapoa.

Mtu wa maktab alikuja baada ya alasiri, kijana mwenye kanzu safi na faili mkononi. Binamu yangu hakumwambia arudi. Angeweza kusema amekosea, na jambo likaishia hapo, lakini alisema tu kwamba hamtaki tena. Basi nikamwambia yule wakala asubiri, nikaketi kwenye ngazi za nje nikaandika barua kwa Kiarabu kwenye karatasi ya daftari langu la kazi: kwamba mimi, mtaalamu wa udongo na mimea, nimeuchunguza mmea uliodaiwa kuharibiwa, nimeukuta umekufa kwa kukatwa mzizi kabla ya mfanyakazi huyu kuingia nchini, na hana kosa. Nikaitia sahihi. Nikamsomea yule msichana, nikimfasiria sentensi kwa sentensi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Andika kwamba mimi ndiye nilisema kwanza."

Niliona haya. Nikaongeza: kwamba mfanyakazi mwenyewe, kwa ujuzi wake wa kilimo, aliutambua ugonjwa wa mmea tangu siku ya kwanza na kumwarifu mwenye nyumba, na hakusikilizwa. Wakala aliisoma barua akiwa amesimama, akainua nyusi, akaitia kwenye faili. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuisoma.

Kabla hajaingia garini nilimwambia yule dada kwamba mama yangu anahitaji msaidizi, na kama anataka nitashughulikia karatasi ahamie kwetu Hail. Nilidhani nampa kitu kizuri. Aliniangalia kwa upole, upole wa mtu anayemkatalia mtoto, akasema hapana. Hakutaka nyumba nyingine ya ukoo ule ule. Alitaka simu yake, ambayo bado ilikuwa kwa mke wa binamu yangu, na alitaka kuondoka. Nilirudi ndani nikaichukua simu juu ya friji mimi mwenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu, nikampa.

Yale mapande mawili niliyatia kwenye mifuko yangu, pamoja na udongo wa beseni wote, nikayapakia garini. Tulipofika barabara kuu mama ndiye aliyeanza.

"Nnakujua wewe," alisema. "Ukishika jambo huliachii. Lakini yule ni mtoto wa kaka yangu. Mimi nna ndugu gani tena mji huu?"

Nikamwuliza kama hakumwona yule msichana. Akasema amemwona, na Mungu amemwona, na ilikuwa haki nimsemee, lakini kulikuwa na haja gani ya kumtaja marehemu? Niliendesha gari mpaka Hail.

Usiku ule niliyafungia mapande kwenye friza, na Jumapili nikawaandikia watu wanaohifadhi mazingira kule visiwani. Sikumtaja binamu yangu. Nilieleza mmea, ufukwe ulikotoka kwa jinsi nilivyoweza kuujua kwenye picha zake, na hali yake. Nilitegemea matusi, mimi ningetukana. Walinijibu kwa adabu iliyoniumiza zaidi. Walinishukuru, wakauliza kama udongo wake uligusana na ardhi ya nje, wakaniomba niuchome wote. Mwishoni waliuliza kama nilipata kuona alama ya shimo kwenye picha yoyote, ili wakipita waangalie kama upepo umeanza kula ardhi hapo, maana mmea ukitoka kwenye mteremko ule mchanga huanza kukimbia. Nilizipitia picha zote alizonitumia. Katika moja, nyuma ya bega la mkewe mwenye koti jekundu, kuna doa jeusi ardhini. Niliwatumia hiyo.

Niliuchoma uani, kwenye seredani ya mkaa, saa kumi na moja jioni jua likiwa bado kali. Ulichukua muda mrefu kushika moto. Utomvu uliobaki ulipoanza kuchemka ulitoa harufu ile ya siku za jua kule kisiwani, na mama akafungua dirisha kuuliza nafukiza nini. Nilipomwambia, alibaki dirishani mpaka ukaisha. Udongo niliuoka kwenye oveni ya ofisini, digrii mia mbili, nikautia kwenye pipa la taka za maabara.

Kisha nikampigia binamu yangu nikamwambia nimeandika kule na nimeuchoma. Nilitaka aisikie kwangu. Aliniuliza kama nimetaja jina lake, nikamwambia la. Akakata simu. Tangu siku ile hajapiga, si kwangu tu, hata kwa shangazi yake, na hilo ndilo nisilomsamehe. Mtu tunayejuana naye, anayepita kwake, ametueleza kwamba chumba cha vioo kipo bado, baridi inapuliza bado, na katika beseni la shaba kumekaa mmea wa plastiki wa umbo lile lile ulioagizwa kutoka nje. Wageni hupelekwa kuuona. Wengine huugusa wakasema ajabu, mgumu kweli.

Yule dada aliwahi kunitumia ujumbe wa sauti mara moja, miezi miwili baadaye. Yuko Sur, kwa bibi mmoja mzee anayelala sana na kumwachia bustani. Hakunishukuru wala sikutaka anishukuru. Aliuliza jambo la mlimao ambao majani yake yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Nikamweleza la kufanya, akasema naye alikuwa anafikiri hivyo hivyo.

Sasa Ijumaa tunakula nyumbani, mimi na mama. Napika mimi, kwa sababu yeye magoti hayamruhusu kusimama. Huwa anatandika kitambaa kikubwa, kile cha watu wanane, na mimi huweka juu yake sahani zetu mbili.